Namna ya Kuisoma Zaburi ya 90 Nyumbani kwa Waliofiwa: Mwongozo kwa Wanaoongoza Ibada za Msiba Kandokando ya Ziwa

Mwongozo huu nimewaandikia wale ambao hawakusomea uchungaji, lakini ambao, simu ikiita usiku na kuambiwa kwamba kuna msiba mtaa wa pili, hujikuta wameshika Biblia mbele ya watu waliokaa juu ya majamvi chini ya turubai: wazee wa kanisa, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo, na mara nyingine jirani tu aliyeombwa kwa sababu anasoma vizuri. Nimeongoza ibada za namna hiyo kwa miaka mingi katika mialo ya wavuvi na mitaa ya Ilemela, hapa Mwanza kandokando ya Ziwa Victoria, na zaburi ninayoitumia kuliko zote ni ya 90, ile ambayo kichwa chake chaiita sala ya Musa, mtu wa Mungu. Wengi huiruka wakiwahi ya 23. Naona ni hasara, kwa kuwa katika zaburi hii udhaifu wa binadamu na umilele wa Mungu vimewekwa mahali pamoja bila kimoja kupunguzwa ili kingine kipendeze.

Niseme kwanza kosa langu, maana mengi ya mwongozo huu yametoka humo. Mvuvi mmoja wa dagaa alizama, na wenzake wakarudi na mtumbwi bila yeye. Usiku wa pili niliitwa, nikasoma aya zote kumi na saba kwa mkupuo, kisha nikahubiri karibu saa nzima juu ya Mungu asiye na mwanzo wala mwisho, ambaye ni makao yetu kizazi baada ya kizazi. Nilipomaliza, mjane, ambaye hakuwa ameinua uso tangu nianze, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, hayo makao unayoyasema yako wapi? Mimi mwenye nyumba anataka kodi yake mwisho wa mwezi." Nilijibu kitu kuhusu mbinguni. Akanyamaza, nami nikajua kwamba amenyamaza kwa adabu tu.

Kabla ya kufungua Biblia

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumtafuta mtu anayeshika daftari la rambirambi na kumuuliza nyumba hiyo ina hali gani: kama ni ya kupanga, kodi imelipwa hadi lini, watoto wangapi wanadaiwa michango ya shule, unga utafika siku ngapi. Hutayasema hayo mbele za watu, wala huenda huna fedha ya kuyamaliza. Unayauliza kwa sababu utakapotamka neno "makao" mbele ya mtu asiye na uhakika wa paa, ni lazima ulitamke kama mtu anayejua uzito wake, na kwa sababu ukiyajua mapema unaweza kuwanong'oneza wazee wawili watatu ili sehemu ya michango iwekwe kando kwa ajili hiyo kabla haijaisha kwenye chakula cha wageni.

Jambo la pili ni kuigawa zaburi. Usiisome yote kwa usiku mmoja kama nilivyofanya. Mimi siku hizi nasoma aya ya 1 hadi ya 6 usiku wa kwanza, ya 7 hadi ya 12 usiku unaofuata, na kuanzia ya 13 hadi mwisho siku ya kuanua matanga. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa zaburi yenyewe inatembea: yaanzia kwa Mungu aliyekuwako kabla ya vyote, yashuka hadi kwenye mavumbi yetu, yalia, kisha yaomba asubuhi na kazi. Anayeanza na maombi ya asubuhi usiku ambao maiti bado imo chumba cha maiti anawaharakisha watu, na waliofiwa hutambua upesi sana kwamba wanaharakishwa.

Usiku wa kwanza: makao

Soma aya ya kwanza peke yake, kisha nyamaza kidogo: "Wewe, Bwana, umekuwa makao yetu, kizazi baada ya kizazi." Halafu waulize watu tofauti ya kimbilio na makao. Hili ni swali ambalo mtu wa ziwani hulijibu bila kusomea chochote. Kimbilio ni kile kisiwa ambacho mtumbwi hujificha nyuma yake dhoruba inapochafuka usiku. Watu hukaa humo wamejikunyata, mvua ikipiga, na upepo ukitulia wanaondoka, wala hakuna anayesema kwamba ametoka nyumbani. Makao ni pale ulipozaliwa, unapopikiwa, unaporudi na harufu ya samaki, na ambapo maiti yako italetwa ilale usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Zaburi ya 46 yasema Mungu ni kimbilio, na ya 91 yasema vivyo hivyo, na ni kweli. Lakini ya 90 yaanza na neno la kila siku zaidi. Yasema kwamba hatukumkimbilia Mungu leo kwa sababu ya kifo. Tulikuwa tunaishi ndani yake siku zote, na marehemu aliishi humo, na baba yake, na babu yake ambaye hapa hakuna anayelikumbuka jina lake. Kifo kimetoa mtu chumbani, lakini hakikuibomoa nyumba.

Inafaa kuwakumbusha wasikilizaji nani anayesema maneno hayo. Musa hakuwa na nyumba. Aliwekwa katika kisafina kati ya manyasi ya mto Nile, mto ambao sehemu ya maji yake hutoka katika ziwa hili hili letu pale Jinja, akalelewa katika nyumba isiyo yake, akakimbia, akachunga mifugo ya mkwewe, kisha akaishi katika mahema miaka arobaini na kufa akiitazama nchi ambayo hakuingia. Mpangaji akisikia kwamba neno "makao" limetoka kinywani mwa mtu wa namna hiyo, husikiliza kwa sikio jingine. Laiti ningalimwambia mjane yule hivyo.

Kisha nenda aya ya pili: "Kabla haijazaliwa milima, wala hujaiumba dunia, na tangu milele hata milele ndiwe Mungu." Hapa Mwanza huhitaji mfano wa kuazima, maana mawe yamejaa hadi uani mwa watu. Waelekeze kwenye mwamba wowote unaoonekana kutoka pale mlipoketi, au uwakumbushe lile jiwe la Bismarck lililosimama majini ambalo kila mgeni hupiga picha nalo. Wanajiolojia wanakadiria kwamba miamba ya matale (graniti) ya upande huu wa nchi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe, tunalodhani ni la tangu na tangu, ni mtoto mdogo mbele ya mawe hayo: linakadiriwa kuwa na miaka kama 400,000, na kiasi cha miaka 15,000 iliyopita lilikauka kabisa, kisha likajaa upya. Hata sasa halitulii mahali pake. Mwaka 2020 na tena mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia katika nyumba za watu waliojenga karibu. John Hanning Speke alipoliona akiwa upande huu wa Mwanza mwaka 1858 alilipa jina la malkia wake, na malkia huyo amekwisha kufa zaidi ya miaka 120 sasa.

Maelezo hayo yasizidi dakika tano, maana msiba si darasa la jiografia. Shabaha yake ni moja: kwamba zaburi haikusema Mungu ni mzee kama mawe. Yasema mawe yalizaliwa. Linalotumika ni neno la uzazi, kana kwamba mlima nao una siku yake ya kuzaliwa, na Mungu alikuwako akiitazama siku hiyo.

Aya ya nne ina kipimo cha ajabu ambacho wavuvi hukielewa kuliko wahubiri: miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana iliyokwisha kupita, na kama kesha la usiku. Waisraeli wa kale waligawa usiku katika makesha matatu, na kitabu cha Waamuzi chalitaja kesha la katikati katika habari za Gideoni. Kesha moja ni kama saa nne hivi. Watu wa dagaa, wanaotoka jioni wakati mwezi haujatoka, wakawasha taa juu ya maji na kungoja, wanajua kwamba usiku una zamu, na kwamba zamu ambayo mtu amelala usingizi hupita pasipo kuacha alama yoyote. Muulize mmoja wao aeleze. Nimewahi kumsikia kijana mmoja akieleza aya hiyo kwa maneno ishirini vizuri kuliko mahubiri yangu yote, na tangu siku hiyo huwa simalizi ibada bila kuuliza kama kuna mtu mwenye neno.

Kama miongoni mwa majirani wapo Waislamu, na katika mitaa yetu wapo karibu kila msiba, aya ya tatu haitakuwa ngeni kwao. Mungu asemapo "Rudini, enyi wanadamu," wao wana neno lao wanalolitamka waipatapo habari ya kifo, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Si lazima uliseme wewe. Wape nafasi walitamke wenyewe.

Usiku wa pili: aya ngumu

Kuanzia aya ya saba zaburi inataja hasira ya Mungu, maovu yetu na siri zetu, na hapa ndipo waongozaji wengi hufunga kitabu. Usifunge, ila jihadhari na mambo mawili.

La kwanza ni nafsi ya maneno. Kila mahali imeandikwa "yetu" na "zetu". Hakuna hata mahali pamoja ambapo zaburi yamnyoshea kidole marehemu au nyumba yake. Kwa hiyo mtu akifa kwa ajali ya pikipiki, au kwa ugonjwa ambao watu wanauzungumza kwa kunong'ona, wewe msomaji umo ndani ya neno "yetu" kama mwingine yeyote, na huna ruhusa ya kuifanya aya ya nane kuwa taarifa ya uchunguzi juu ya maisha ya mtu aliyelala ndani.

La pili ni zito zaidi, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ya mahali tunapoishi. Katika misiba ya huku, hasa aliyekufa akiwa kijana, swali linalozunguka kati ya viti vya nyuma ni nani aliyemuua. Jina hutajwa, mara nyingi la mama mzee anayeishi peke yake, ambaye macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni na vinyesi vya ng'ombe kwa miaka hamsini. Usukuma wote unajua maneno hayo yamewahi kuishia wapi: vikongwe wamekatwa mapanga usiku katika nyumba zao. Sasa tazama zaburi inavyozungumza. "Wamrudisha mtu mavumbini." Anayeambiwa ni Mungu, moja kwa moja, uso kwa uso. Musa, au yeyote aliyeomba kwa jina lake, ana kifo cha watu wake mikononi, na hakipeleki kwa jirani wala kwa mganga. Anakipeleka kwa yule aliye makao yake na kumuuliza yeye. Haya yaseme wazi, kwa sauti inayofika hadi viti vya nyuma. Mungu wa milele ni kimbilio hata kwa maana hii, kwamba anaweza kubebeshwa swali ambalo akibebeshwa mwanadamu litamuua. Kama ibada yako yote itafanya jambo moja tu, na iwe hilo.

Katika aya ya tisa utakutana na neno ambalo vijana hawalijui: "Tumetowesha miaka yetu kama kite." Usilisome kama kosa la chapa. Kite ni mguno wa maumivu. Wanawake wazee bado husema kwamba mzazi anapiga kite. Waombe kina mama walieleze, nao watalieleza kwa kuguna, na hapo utakuwa umemaliza kazi. Mwandishi anasema kwamba miaka yetu yote ina urefu wa sauti hiyo.

Aya ya kumi yahitaji busara. Inataja miaka sabini, na kwa mwenye nguvu themanini. Ikiwa aliyefariki ni mzee wa miaka 78, aya hiyo hupokewa kwa vichwa vinavyotikisika taratibu. Ikiwa ni mtoto wa miaka minne, usiisome kama kipimo, kwa kuwa mama atasikia tu miaka 66 aliyonyang'anywa. Wakati huo waeleze kwamba mwandishi hatoi ahadi wala haki ya mtu. Anasema kwamba hata aliyepewa yote hana cha kujivunia, kwa maana chapita upesi. Tena Kumbukumbu la Torati lasema Musa mwenyewe alifikia miaka 120 na jicho lake halikupofuka, ila anapoomba hajipigii mahesabu ya kwake.

Kuhusu kuzihesabu siku, ninajua wahubiri wanaopenda kupiga hesabu ubaoni: miaka 70 ni siku 25,567 hivi, mwenye miaka 40 amekwisha kutumia 14,610. Ifanye ukitaka, siyo dhambi, na vijana huipenda. Kwa maoni yangu haiendi mbali. Aya ya 12 yasema "utujulishe kuzihesabu siku zetu," na kama ingekuwa ni hesabu ya kuzidisha tu, pasingekuwa na haja ya kumwomba Mungu atufundishe. Ninayoiona kwa wazee waliojifunza jambo hili ni tofauti: wanalipa deni mapema, wanaeleza mipaka ya shamba wangali na sauti, wanapatana na ndugu kabla ya masika mengine. Hutumia siku kama watu wanaojua kwamba nyumba ni ya mwingine na kwamba mwenye nyumba ni mwema.

Pale ambapo hakuna kaburi

Kuna misiba ya ziwani ambayo haina maiti. Tumepita katika hilo sote: MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, familia nyingi hazikupata mtu wa kumzika, na makaburi ya pamoja yako Igoma hadi leo, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200 walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangoja ufukweni. Lakini hata bila meli kubwa, mtumbwi mmoja usiku mmoja hutosha.

Katika msiba wa namna hiyo watu huteswa na jambo ambalo mgeni halioni, nalo ni kukosa mahali pa kwenda kusafisha majani na kuweka taji. Hapo mimi husoma, pamoja na zaburi, habari ya kifo cha Musa katika Kumbukumbu la Torati 34, inayosema kwamba hakuna mtu ajuaye kaburi lake hata leo. Mtu ambaye sala hii inaitwa kwa jina lake hana kaburi linalojulikana. Kisha narudi sura moja nyuma, 33:27, katika maneno ya mwisho aliyowabariki nayo watu wake: "Mungu wa milele ndiye makazi yako, na mikono ya milele i chini yako." Sitoi maelezo mengi. Neno "chini" katika nyumba ya mtu aliyezama linajieleza, na nimeona wanaume wazima wakilisikia na kutoka nje ya turubai kwa muda.

Siku ya kuanua matanga

Aya ya 13 ina jambo ambalo Kiswahili kimelihifadhi vizuri. Katika aya ya tatu Mungu aliwaambia wanadamu, "Rudini." Sasa wanadamu wanamjibu kwa neno lile lile: urudi, hata lini? Wasomee aya zote mbili kwa kufuatana ili walisikie. Aliyefiwa anaruhusiwa kumwambia Mungu wa milele neno lile lile aliloambiwa na Mungu, na wala hakemewi. Ikiwa mtu atalia hapo kwa sauti, mwache alie. Usianzishe pambio la kumfunika.

Aya ya 14 isomwe asubuhi yenyewe, si jioni, kwa kuwa yaomba kushibishwa asubuhi kwa fadhili zake. Panga ibada ianze saa moja, chai ikiwa jikoni, na dagaa wa kwanza wakiwa wameanza kuanikwa huko ufukweni.

Aya ya 17 usiisome wewe. Mpe mtu wa nyumba ile ambaye leo au kesho atarudi kazini: mjane mwenye genge la nyanya, kijana atakayeshika nafasi ya baba kwenye mtumbwi, binti anayeshona. "Naam, kazi ya mikono yetu uithibitishe." Mimi humwomba akunjue mikono na kuitazama anaposoma, na wengi hutazama mahali fulani mahususi, kovu la ndoana au ncha ya kidole iliyotobolewa na sindano. Mjane yule wa kwanza, ambaye tulimlipia kodi ya miezi mitatu kwa fedha iliyobaki katika daftari, sikumpa nafasi hiyo siku ile, kwa kuwa sikujua. Nilimkuta mwaka uliofuata akigeuza dagaa juu ya vichanja, nikamwomba anisomee aya hiyo palepale mwaloni. Alisema hana miwani. Kwa hiyo niliisoma mimi, naye akaendelea kugeuza dagaa.

Mtu wa nyumba akishamaliza kusoma aya hiyo, usiongeze sala nyingine. Funga Biblia, wasaidie vijana kukunja turubai, na uhakikishe viti vya kukodi vimerudishwa kabla ya saa sita, maana mwenye navyo hutoza siku ya pili.